Sifa za Kiwavi Jeshi

Jamani, tuache kumtukana kiwavi jeshi. Mwaka 2016 alipoingia Uganda, yeye ambaye kwao ni Amerika, Kasese ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kumpokea. Serikali ilimthibitisha 2017. Mahindi yetu ya Bwera, humo humo Kasese, yalikuwa yameshamthibitisha zamani.

Ana uzazi: jike mmoja hutaga mayai elfu na ushei. Hana makuu: mchana hujichimbia ndani kabisa ya moyo wa mhindi asimkere mwenye shamba. Tena ni msafiri. Sisi pale mpakani Mpondwe tunapanga foleni na vitambulisho mkononi. Nondo wake huvuka usiku kwenda Kasindi, upande wa Kongo, na hakuna anayemwuliza.

Lakini sifa yake kuu ni ukarimu. Kuna nyigu wa jenasi ya Cotesia, kadudu ka milimita chache, asiyepiga hodi. Humdunga kiwavi mchanga, huacha yai, huenda zake. Kiwavi hamfukuzi mtoto wa watu. Humbeba tumboni, humnywesha damu yake, huendelea kula mahindi yangu kwa niaba ya wote wawili. Mgeni naye ana adabu: hagusi viungo vya uhai, mwenyeji asije akafa kabla karamu haijaisha. Akishashiba hutoboa ubavu, hutoka, hujifumia kifuko cheupe. Mwenyeji halalamiki, hufa tu. Nani kwetu ana moyo huo? Wengine tukisikia shemeji yuko njiani tunazima taa.

Mmoja wa nyigu hao, Cotesia icipe, alipewa jina hilo 2017, la kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi. Kazi yake aliijua bila semina.

Sisi tulifanyiwa semina. Tulisaini karatasi ya nauli isiyo na tarakimu, tukaoneshwa picha ya kiwavi, ile Y iliyopinduka kwenye paji la uso, kana kwamba hatulali naye! Kisha tukaambiwa tupulize dawa. Dawa gani? Niliyouziwa ilikuwa na harufu ya dawa na bei ya dawa. Iliwaua nyigu waliokuwa juu ya majani. Kiwavi kule ndani haikumfikia. Huo ni wizi, na wauzaji wanajua, na wakaguzi wanajua.

Nikampelekea bwana shamba jani lenye kifuko cheupe. Akasema hayo ni mayai ya adui, nichome moto. Halafu akauliza kama yamebaki mahindi mabichi, akafungiwa nusu gunia nyuma ya bodaboda.