Mirathi ya Mbuzi ya Nazi
Elimu ya faraidhi, yaani kanuni za Kiislamu za kugawa mirathi, humpa mtoto wa kiume mafungu mawili kwa kila fungu moja la wa kike, lakini haielezi namna ya kuikata mafungu matatu mbuzi ya nazi, kile kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho pwani huzua mtafaruku kuliko shamba la minazi lenyewe. Mshindi, aghalabu yule aliyelia kwa sauti kubwa zaidi matangani, hukipaka vanishi, hukiweka sebuleni kando ya runinga, na ole wake mtoto atakayekikalia. Kisha huagiza dukani tui la pakiti, ambalo mawifi zake (wangali wanadai sufuria ya shaba) husema ndilo linaloupa wali wake ladha ya boksi.