Barua ya Wazi kwa Wenye Saa Arobaini na Nane

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya,
Wenyeviti wa Kamati za Ulinzi na Usalama,
Popote mlipo Tanzania Bara.

YAH: PONGEZI KWA ELIMU YENU YA MAMBO YA GHAIBU

Waheshimiwa,

Kwa taadhima iwapasayo watu wa cheo chenu, naiandika barua hii kutoka nchi ya Mbulu na Hanang, ili niwatolee pongezi ambazo kwa yakini zimechelewa mno kuwafikia.

Tangu zamani watu wa huku, Wairaqw na Wabarabaigi, Wanyaturu na Wanyiramba, kila walipotaka kuyajua yatakayotokea kesho, hawakuwa na budi kumwendea mpiga ramli, ambaye aliwataka kuku, kitambaa na subira, na baada ya yote hayo aghalabu alikosea. Mwaka 2015 Serikali, kwa hekima ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeipinga, ilipiga marufuku ramli chonganishi, maadamu ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wakiuawa kwa ajili ya uongo wa watu wale. Nasi tukadhani kwamba elimu ya ghaibu imetoweka katika nchi. Kumbe ilikuwa imekwisha kuhifadhiwa mahali salama tangu mwaka 1997, katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Tawala za Mikoa, kinachomruhusu Mkuu wa Wilaya, akiwa na sababu ya kuamini kwamba fulani yaelekea atavunja amani, kuamuru akamatwe na kuwekwa mahabusu kwa muda usiozidi saa 48. Mpiga ramli alihitaji kuku. Ninyi mwahitaji simu tu ya kumwita mkuu wa polisi. Mpiga ramli alipokosea alidaiwa kuku arudishwe; ninyi mkikosea, aliyelala chini kwenye saruji ndiye anayetoka akitoa shukrani.

Nasaba ya elimu hii ni tukufu. Mwingereza alituachia sheria ya kumhamisha mtu kwao bila ya hukumu ya mahakama, na nyingine ya kuwaadhibu watu wote wa mahali pamoja kwa kosa la wachache wao. Nasi tulipopata Uhuru mwezi Desemba 1961 hatukutaka kuonekana wavivu wa kurithi, kwani mwaka 1962 haukwisha ila Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, pamoja na ile iliyowapa wakuu wa mikoa na wa maeneo mamlaka ya kukamata, ambayo ndiyo mama wa kifungu chenu. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilizihesabu sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zinakwaruzana na haki za raia, na wapo wenye pupa waliodhani kwamba zitashughulikiwa zote kabla ya watoto wao kuota meno. Lakini Serikali yenye busara haikimbii. Sheria ya kizuizini ingali vitabuni hadi leo, na mamlaka ya wakuu wa maeneo yalivuliwa kanzu ya 1962 yakavishwa nyingine mwaka 1997, mwili ukiwa ni ule ule.

Nachelea msije mkadhani kwamba wilaya zetu hazina historia ya hatari, mkatunyima uangalizi wenu. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71, na 58 katika hivyo ilivitwaa bila ya kupingwa na mtu. Kiti kimoja tu katika Tanganyika nzima kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Elias Sarwatt, naye mwana TANU, alisimama kwa jina lake mwenyewe dhidi ya Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na chama, akamshinda. Laiti angalikuwapo siku zile mtu mwenye elimu yenu, angaliona dhahiri fitina, mgawanyiko na uvunjifu wa amani, na Sarwatt angalilala ndani siku mbili hata wapiga kura wakapoa. Kwa bahati mbaya hakuwapo. Watu wakapiga kura, zikahesabiwa, mshindi akaenda Dar es Salaam kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka uliofuata nchi ikapata Uhuru kana kwamba Mbulu haikuwa imethubutu neno.

Hatari ya pili ilikuwa ni ngano. Shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba makubwa katika nyanda za Basotu tangu miaka ya 1970, hata yakakaribia ekari laki moja, na malisho yaliyokuwa bora kuliko yote ya Wabarabaigi yakawa ya trekta. Hata makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali pa ibada na hayakanyagwi ovyo, yalipitiwa na plau. Mtu yeyote mwenye elimu ya ghaibu angaliapa kwamba watu hawa, waliokwisha kutiwa jina la wakorofi tangu enzi za Mwingereza, watashika mikuki. Wao wakashika wakili. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake 67 walifungua kesi katika Mahakama Kuu, Arusha, wakashinda. Kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Mbarabaigi akaambiwa katika nchi ya Hanang alete ushahidi wa kuwa mwenyeji! Na baada ya kuambiwa hivyo, wenzao walifanya nini? Mwaka 1988 walirudi mahakamani na kesi nyingine. Nawauliza kwa unyenyekevu, Waheshimiwa: katika shauri hili lote, ni nani aliyeilinda amani?

Hata katika mila watu hawa wana ila moja ambayo mtaistaajabia. Mwanamume wa Kibarabaigi akimkosea mwanamke katika mambo yamhusuyo mwanamke, kina mama hukutana katika baraza lao na wanaweza kumtoza dume la ng'ombe; lakini humsikiliza kwanza. Kina mama hawana mkuu wa polisi wala mahabusu wala muhuri, na bado hawajaifikia daraja ya kuadhibu kwanza na kuuliza baadaye.

Mintarafu kifungu chenu chenyewe, nina shaka kwamba mpiga chapa wa Serikali aliwakosea adabu, kwa kuwa nusu yake ya pili yaonekana ilichapwa kwa wino usioonekana maofisini. Nusu hiyo yasema kwamba mtu asikamatwe kwa hofu ya kesho ila iwapo hapana njia nyingine ya kuuzuia uvunjifu huo wa amani. Kwamba sababu ziandikwe na nakala yake apelekewe hakimu. Kwamba mtu mwenyewe afikishwe mbele ya hakimu kabla ya saa 48 kwisha, na asipofikishwa awe huru papo hapo, wala asikamatwe tena kwa amri hiyo kwa sababu ile ile. Na kwamba atumiaye mamlaka haya vibaya aweza kushitakiwa chini ya kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu. Mawaziri zaidi ya mmoja wamewakumbusha hayo hadharani. Nami nasikia watani wakisema kwamba siku njema ya kukamata ni Ijumaa alasiri, kwa kuwa hakimu naye ni mja wa Mungu na Jumamosi na Jumapili hupumzika; lakini hayo ni maneno ya watani.

Sisemi kwamba dola isijilinde. Waliouawa Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, na waliouawa Kibiti mwaka 2017, hawakuuawa na ndoto. Na kwa makosa ya namna hiyo nchi ina polisi, ina waendesha mashitaka, ina mahakama, na tangu 2002 ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Walakini mtu aliyeuliza katika mkutano wa kijiji fedha za maji zimekwenda wapi si gaidi, na jibu la swali lake ni hesabu za maji.

Na iwapo mwataka kuijua sura ya utulivu wa watu wetu, kumbukeni tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulipoporomosha tope na mawe juu ya Katesh na vitongoji vyake, wakafa watu zaidi ya 80. Siku ile hapakuwa na utaratibu wowote uliobaki, nyumba hazikuwa na milango wala maduka hayakuwa na kuta, na kama raia ni kiumbe wa kufanya fujo kila asipochungwa, hiyo ndiyo ingalikuwa saa yake. Majirani wakachimbua majirani kwa mikono, na askari wa JWTZ wakaja wakachimba pamoja nao. Hatujapata kuipenda Serikali yetu kuliko tulivyoipenda siku ile iliposhika sepetu. Ilhali kati ya 2016 na Januari 2023 watu wale wale walihesabiwa kuwa hawawezi kuaminiwa kukusanyika katika mkutano wa hadhara wa siasa, na siku ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ikazimwa, hata mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu, ambaye alitaka kuuliza bei tu, akahesabiwa pamoja na maadui wa taifa.

Alhasili, Waheshimiwa, ombi langu ni dogo, tena halina gharama. Kisomeni kifungu cha 15 chote, kwa sauti, mnadani Katesh na Haydom, mbele ya wauza mbuzi na wanunuzi wao, ili wajue ni saa ngapi mlizopewa na ni haki zipi walizoachiwa wao. Kila mtakapomweka mtu ndani, andikeni sababu na mzitie sahihi kwa majina yenu. Na Bunge litakapowauliza kama mamlaka haya yangali yanahitajika, semeni kweli: kwamba wilaya ina polisi wa kukamata na hakimu wa kuhukumu, na kwamba Mkuu wa Wilaya anaweza kufanya kazi yake yote bila ya ufunguo wa mahabusu. Kifungu hicho na kifutwe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Raia wa Hanang