Nani Alikufungia Hii?

Fundi wa magari wa Dar es Salaam, awe wa Gerezani, wa Tabata au wa chini ya mwembe wa mtaani kwenu, akishaangalia tatizo lako hutanguliza swali moja: "Bosi, nani alikufungia hii?" Hatafuti jina. Hata ukimtajia, halimsaidii kitu. Swali hilo ni salamu ya kazi, na ndani ya salamu hiyo tayari mna bei.

Katika gari zima sijaona kinachostahili swali hilo kuliko filta ya oili. Ni kopo la bati lenye karatasi iliyokunjwakunjwa ndani, limeng'ata ubavuni mwa injini. Liliundwa ili lifunguke kirahisi. Mmarekani Ernest Sweetland alibuni filta ya oili ya magari miaka ya 1920, na ilipofika miaka ya 1950 wenzake wa kizazi kilichofuata wakaja na kopo hili la kuzungusha: unalitoa, unalitupa, unafunga jipya. Maelekezo yamechapwa kwenye kopo lenyewe, mara nyingi kwa michoro, asiyejua kusoma asipate kisingizio. Paka oili kwenye mpira. Zungusha kwa mkono mpaka mpira uguse. Ongeza kama robo tatu ya mzunguko. Basi. Hakuna mchoro wa mwanamume aliyekanyaga mpini wa spana huku mwenzake akimshika kiuno.

Mtu aliyefunga filta ya gari langu sikuwahi kumwona. Nililinunua mkononi mwa mtu, Toyota ndogo ya sisi 1500, na katika makabidhiano hakuna aliyemtaja fundi huyo. Lakini kazi ya mkono wake imenifahamisha mengi. Ni mtu mwenye afya njema. Anakula vizuri asubuhi. Hana imani na mpira, na huenda hana imani na binadamu pia.

Jumamosi moja niliamua kumwaga oili mwenyewe. Galoni la lita 4 lipo, filta mpya ipo, gari limeinuliwa na kuegeshwa juu ya stendi, mawe yamewekwa nyuma ya matairi. Wanaojua hushauri ulegeze filta kwanza kabla hujafungua nati ya kumwagia oili, ili filta ikigoma gari liwe bado linaweza kwenda gereji kwa miguu yake. Nikaufuata ushauri. Nikalala chini, nikaishika, nikazungusha. Kilichozunguka ni kiganja changu.

Nikaifuta vizuri, nikaizungushia msasa ili nipate pa kushikia. Msasa ukaifuta rangi, kopo likang'aa, likabaki pale pale. Nikaleta ukanda wa tyubu ya baiskeli, ile dawa ya kila kitu kuanzia kufunga mzigo hadi kuziba bomba. Kopo likabonyea upande mmoja. Mpira uliofungwa mkavu hukaangwa na joto la injini kila siku ya foleni ya Ubungo, mwishowe unashikamana na chuma. Ukichanganya na misuli ya yule bwana, hapo hakuna tena filta na injini. Ni kitu kimoja.

Uswahilini huwezi kuinua gari peke yako kwa muda mrefu. Alianza kijana wa bodaboda, akafuata jirani mmoja mwenye mswaki mdomoni, halafu akaja mzee wa nyumba ya tatu, mstaafu, amevaa shati jeupe la kwendea kikao cha harusi. Tukampa shikamoo, akaitikia huku ameshainama juu ya injini.

"Mwanangu, usije ukazungusha kukaza," akasema. "Zungusha huku, inavyokwenda mishale ya saa."

"Shikamoo tena, mzee," nikajibu kutoka chini. "Kulegeza ni kinyume cha saa."

"Mimi naiona hapa kwa macho yangu!"

Na kweli alikuwa anaiona. Filta ya gari hili inatazama chini. Aliyelala chini yake huilegeza kinyume cha saa. Aliyesimama juu akichungulia huuona mkono ule ule ukienda na saa. Tulikuwa tunasema jambo moja, kila mtu kwa nguvu zake zote. Kijana wa bodaboda alijaribu kutusuluhisha kwa kuchora duara mchangani, lakini hakukumbuka kusema duara lile linatazamwa kutoka wapi. Jirani wa mswaki akatema povu, akaunga mkono pande zote mbili.

Mke wangu alipita na ndoo, akauliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyekuwepo aliyelipenda: "Kwani gereji imefungwa?"

Nilikuwa karibu kukubaliana naye. Gari lilikuwa na oili yake, lingewaka, tungekwenda. Mzee akakataa. Gereji kwa ajili ya kopo? Akaagiza bisibisi ndefu na nyundo. Njia yake inajulikana dunia nzima: unaitoboa filta ubavuni, bisibisi ipite mpaka ng'ambo ya pili, kisha unaitumia bisibisi kama mpini wa kuzungushia. Anayeisifia njia hii kwa kawaida hukomea hapo katika maelezo yake. Hafiki sehemu ambayo bati ni jembamba na mpira haujali.

Bisibisi iliingia vizuri. Mzee akavuta. Bati likachanika kama kopo la nyanya lililofunguliwa kwa kisu, oili nyeusi ikamiminika, ikashuka na mkono wa shati jeupe mpaka kwenye kiwiko. Filta haikusogea hata nyuzi moja. Sasa gari lilikuwa na tundu, haliwezi kuwashwa, haliwezi kwenda popote. Mzee akaangalia shati, akaangalia saa, akasema kikao cha harusi kina watu wengi, hawatamkosa.

Jirani wa mswaki ndiye pekee aliyefaidika. Aliomba oili chafu akapake nguzo za banda lake, maana mchwa wamemzidi.

Fundi aliitwa kwa simu. Alifika na tindo, nyundo na cheni ya kufungulia filta, akalala chini, akanyamaza kidogo.

"Bosi, nani alikufungia hii?"

Cheni haikuwa na cha kukamata, bati lilikuwa limebaki vipande. Akaweka ncha ya tindo kwenye ukingo wa sahani nene ya chuma inayokaa juu ya mpira, akagonga kwa kufuata upande wa kufungulia, kidogo kidogo, akizunguka. Sahani ikatoa mlio, ikakubali. Akapitisha kidole pale ilipokaa, akakuta mpira wa zamani umebaki umeganda kwenye injini. Akaubandua. Asingeubandua, mpira mpya ungekaa juu ya wa zamani, na injini ikiwashwa oili yote ingemwagika uani kwa presha. Kwa kidole kile nilimheshimu kuliko kwa tindo.

Akapaka oili kwenye mpira wa filta mpya, akaizungusha kwa mkono mpaka ikagusa, akaongeza robo tatu. Kazi safi. Halafu akanyoosha mkono kuifuata cheni.

"Ya nini tena?" nikauliza.

"Naipa kidogo tu, ya usalama."

Nikamsomea maandishi ya kwenye kopo. Akasikiliza kwa adabu.

"Hayo waliandika Wajapani, bosi. Barabara zao hazina mashimo." Kisha akasema lililo kweli kuliko kopo: "Ikivuja leo jioni, utampigia nani? Mimi. Ikigoma kufunguka kilomita 5,000 zijazo, atapigiwa mwingine."

Hapo nikamwelewa yule bwana wa zamani. Hakuwa na ubaya. Alipiga hesabu ya mtu yeyote anayefanya kazi ambayo lawama zake hufika haraka na shukrani zake hazifiki: akaze, aondoke, wa mbele atajijua. Ndivyo zilivyofungwa bomba zetu, milango yetu, na nusu ya mikataba ya upangaji mjini hapa.

Tulielewana hivi: cheni irudi kwenye mfuko, na ikivuja simu nitaipokea mimi mwenyewe. Alikubali, ila akaandika tarehe kwenye filta kwa msumari ili ijulikane siku aliyokatazwa kukaza. Wiki nzima majirani walipita wakiinama kuchungulia chini ya gari, mzee akiwa wa kwanza kila asubuhi. Mpaka leo haijadondosha hata tone, na najua kuna watu mtaani kwetu ambao jambo hilo linawaudhi sana.