Spika Imepasuka Huku Mbele!

Zipo njia nyingi za kuharibu harusi Dar es Salaam. Unaweza kuchelewesha pilau. Unaweza kumkabidhi kipaza sauti mjomba ambaye amekwisha kunywa. Unaweza pia, katikati ya wimbo ulioombwa na wazazi wa bwana harusi wenyewe, kukanyaga pedali ya distoshoni. Mawili ya kwanza watu husamehe kabla keki haijakatwa.

Sisi wapiga gitaa wa muziki wa dansi tumelelewa kwenye sauti safi. Solo inatakiwa ing'ae, rithimu itambae chini yake, kila nota ijulikane inapoanza na inapoishia, mpaka mama aliyekaa meza ya nyuma kabisa aweze kuifuata kwa kidole. Mbaraka Mwinshehe, Mlimani Park, Wakongo waliohamia huku na magitaa yao: wote walituachia urithi huo, kwamba gitaa linaloimba halikoromi. Ukijitutumua sana unaongeza mwangwi. Kwa hiyo mtu anayenunua kiboksi ambacho kazi yake ya pekee ni kuichafua sauti hiyo anatafuta ugomvi, na mimi niliupata kwa bei ya punguzo.

Pedali yangu ilikuwa mwigo wa Boss DS-1, kile kiboksi cha rangi ya chungwa kilichotoka Japani mwaka 1978 na ambacho hadi leo bado kinauzwa. Mwigo wenyewe ulitengenezwa na watu ambao jina lao lilifutika kwenye bati kabla risiti haijafifia. Kiboksi hicho kina nobu tatu: moja ya toni, moja ya ukubwa wa sauti, moja ya kiasi cha uchafu. Ndani yake wimbi la gitaa hukuzwa mara nyingi sana, kisha hukutana na dayodi mbili zinazolinyoa vichwa, juu na chini. Kilichoingia na vilele vya mviringo hutoka bapa, na ubapa huo ndio sikio linausikia kuwa ni mkwaruzo. Ovadraivu ni ndugu yake mpole. Katika Tube Screamer ya Ibanez, kwa mfano, dayodi zimekaa ndani ya njia yenyewe ya kukuzia sauti, kwa hiyo vilele hubonyezwa kwa adabu badala ya kukatwa, besi hupunguzwa, na sauti za katikati husogezwa mbele.

Jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye boksi ni kwamba kile kidude hakina sauti yake chenyewe. Nusu ya sauti, pengine zaidi ya nusu, imo kwenye ampu utakayokichomeka. Chumbani kwangu, kwenye kiampu cha wati 10, usiku, mtoto wa jirani akiwa amelala, pedali ile ilikuwa asali tupu. Ni hila ya sikio. Sauti ikiwa ndogo, binadamu hasikii sawasawa besi wala ile ncha kali ya juu. Ukifungua ampu, vyote viwili vinajitokeza na kukudai. Ukipanga nobu zako chumbani, umepanga kwa ajili ya chumbani.

Ukumbini nilikuta ampu ya kukodi ya transista, ya ukoo ule uliosifika tangu Roland walipotoa JC-120 mwaka 1975: safi, baridi, haimstiri mtu. Ampu ya namna hiyo haina tabia yake ya kuchanganya na tabia ya pedali. Unachoiletea inakionyesha kilivyo, mbele za watu. Nilikanyaga pedali kwenye kiitikio, na kilichotoka kwenye zile spika mbili za nchi 12 kilikuwa nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

Mshereheshaji hakusita hata kidogo. "Fundi mitambo! Fundi mitambo uko wapi? Spika imepasuka huku mbele!"

Nikapiga kwa nguvu zaidi, nikidhani wakisikia vizuri wataelewa. Shangazi wa bwana harusi akaja mpaka jukwaani, kitenge kikiwa kimekazwa kiunoni kwa kazi.

"Baba, zima hicho. Kitalipuka."

"Shikamoo shangazi. Hakilipuki, ndivyo kinavyolia."

"Marahaba. Kinalia kwa sababu kinaumwa. Zima."

Vijana wawili wa kamati hawakungoja mjadala. Walichomoa ampu ukutani wakainyanyua na kuitoa nje kwa mlango wa jikoni, waya ukiwa bado umechomekwa kwenye gitaa, na gitaa likiwa bado shingoni mwangu, kwa hiyo nilitoka nao. Bendi iliendelea bila solo. Niliambiwa baadaye kwamba ndipo watu walipoanza kucheza. Mweka hazina wa kamati alikata 80,000 kwenye malipo yetu, za spika.

Spika ilikuwa nzima. Lakini shangazi yule, kihistoria, hakukosea hata neno moja. Mwaka 1951, mjini Memphis, ampu ya Willie Kizart ilipata ajali njiani kuelekea kurekodi. Sam Phillips akasokomeza karatasi kwenye spika iliyoumia, wakarekodi hivyohivyo, na "Rocket 88" ikapanda hadi namba moja kwenye chati ya rhythm and blues. Mjini Nashville, chaneli moja ya mitambo ya studio iliharibika wakati Grady Martin akipiga besi ya nyuzi sita katika wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961. Badala ya kuona aibu, fundi wa studio, Glenn Snoddy, akakaa chini kutengeneza kisakiti cha kuiga ubovu ule, na mwaka 1962 Gibson wakaanza kuuza kiboksi chake kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1964 Dave Davies wa Kinks akaona kungoja ajali ni kujichelewesha: alichukua wembe akaichana spika yake mwenyewe, na "You Really Got Me" ikashika namba moja Uingereza. Mwaka uliofuata Keith Richards alitumia kile kiboksi cha Gibson kwenye "Satisfaction" kushika tu nafasi, akikusudia matarumbeta yaje kupigwa hapo baadaye. Sisi tulikuwa na matarumbeta halisi, wapigaji wawili, na mimi nilikuwa nawakanyagia kiboksi cha kushika nafasi yao.

Kwa ufupi, ukinunua pedali ya distoshoni umenunua spika mbovu iliyofungwa vizuri. Tatizo ni kwamba hapa kwetu kitu kikiharibika kina mwenyewe wa kukishughulikia, na mwenyewe huyo ana kibanda, risasi ya kulehemu na moyo wa kusaidia. Kiongozi wa bendi yetu, mzee mwenye nia njema kupita kiasi, aliichukua pedali yangu kimyakimya akaipeleka kwa fundi redio wa mtaani kwake. Mimi niliitwa kwenda kulipa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Chukua kifaa chako, kimepona. Hakikoromi tena."

Akanifungulia kikaratasi cha sigara. Ndani yake zilikuwa zimelala dayodi mbili.

"Hizi ndizo zilikuwa zinakusumbua," akasema. "Moja inatazama huku, nyingine inatazama kule, na zote zimeunganishwa na eathi. Sauti yako yote ilikuwa inamwagika chini. Waliounga hii walikuwa wanasinzia."

Kwa macho ya fundi redio, hakuna cha kumpinga. Sakiti ya distoshoni ni orodha ya mambo ambayo yeye amefunzwa kuyaondoa. Alitaka 5,000, na aliposikia mimi ni mwanamuziki akanipa pole na kunionea huruma ya soda.

Nyumbani niligundua kwamba uchafu umeondoka kweli, lakini sauti imepanda vibaya. Dayodi zile ndizo zilizokuwa zikiizuia isivuke kiasi. Zilipotoka, wimbi likabaki na urefu wake wote. Kiampu changu kilitikisika mezani mpaka kikombe cha chai kikasogea chenyewe. Na hapo fundi, bila kujua wala kujali, alikuwa amenitengenezea kitu ambacho wapiga gitaa wa ng'ambo hukilipia fedha nyingi: kisukumio, kiboksi cha kuisukuma ampu bila kuichafua sauti.

Shemeji yangu alikuwa amerudi kutoka Marekani na kontena, na ndani ya kontena, kati ya friji na matairi, mlikuwa na ampu ya zamani ya valvu. Ampu ya valvu ni kiumbe kingine. Ukiisukuma kupita uwezo wake haikati wimbi ghafla. Inalikunja polepole, na ukipiga kwa kidole laini inasafika tena. Ndiyo maana wenye ampu hizo hawatumii ovadraivu kuchafua. Wanashusha nobu ya uchafu karibu na sifuri, wanapandisha ile ya ukubwa wa sauti, kisha wanaiachia valvu ya kwanza ielemewe yenyewe. Stevie Ray Vaughan aliweka Tube Screamer mbele ya ampu ambazo tayari zilikuwa zimefunguliwa hadi majirani wajue. Pedali ileile ukiichomeka kwenye ampu ya transista na nobu zilezile, unapata gitaa la kawaida linalopiga kelele zaidi.

Valvu zina adabu zake, lakini. Ampu ya shemeji ilitaka volti 120 na ukuta wa Tanzania una 230, kwa hiyo ilibidi nipate transfoma ya kushushia umeme, nzito kuliko ampu yenyewe. Halafu kuna suala la jioni. Eddie Van Halen, kwenye albamu yake ya kwanza ya mwaka 1978, alikuwa akiishusha voltiji ya Marshall yake kwa makusudi, kwa mashine maalumu, ili valvu zilegee na mkwaruzo uwe mnene. Mtaani kwetu huduma hiyo inaanza yenyewe saa 1, watu wakiwasha majiko na pasi. Taa inafifia, feni inaanza kufikiri, na gitaa langu linanenepa na kuwa tamu isivyo kawaida. Saa 4 umeme unatulia na mimi naharibikiwa. Mke wangu anasema mimi ndiye mtu pekee katika kata hii anayenuna umeme ukiwa mzuri.

Ningeishi hivyo kwa raha kama si kijana mmoja aliyesoma nje, aliyetaka harusi yake iwe na rock, na akaandika kwenye mkataba kabisa: gitaa liwe chafu. Ampu ya valvu haikuwezekana kupelekwa. Tulipoipakia na transfoma yake, bajaji iliinua gurudumu la mbele na dereva akataka tuelewane upya. Ukumbini kungekuwa na ampu ya transista, na mbele ya transista kisukumio changu hakina kazi. Nilihitaji uchafu wangu urudi kwenye boksi.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Yaani unataka niirudishe ilivyokuwa? Ikorome?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kutengeneza ilikuwa elfu tano. Kuharibu ni elfu kumi na tano, na sitoi dhamana."

Nikamuuliza kama bado anazo zile dayodi. Akanionyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara, kwa mama muuza chapati, ambaye redio yake ilikuwa ikisoma taarifa ya habari kwa sauti safi ajabu. Hazirudi, akasema. Lakini anavyo vitaa viwili vyekundu alivyovitoa kwenye deki iliyokufa, navyo ni ukoo mmoja na dayodi.

Hilo ni kweli. Wapo wanaotengeneza pedali kwa vitaa hivyo kwa kusudi, kwa sababu huanza kukata wimbi likishafika karibu volti 1.7, wakati dayodi za kawaida huanza kwenye 0.6 hivi; wimbi hunyolewa kidogo, na sauti hupata nafasi ya kupumua. Sikumwambia, maana angepandisha bei. Niliomba tu apunguze.

Akaviinua vile vitaa kwenye mwanga, akavikagua kimoja kimoja.

"Haya, lete elfu kumi," akasema. "Ila kwa bei hiyo itaharibika kidogo tu."