Muulize Shangazi: Nyumba Ndogo Hugawanywa kwa Saa

*Shangazi, shikamoo. Tumepanga chumba na sebule hapa Tabata. Jumamosi ijayo ni zamu yetu, jumuiya inasali kwetu, familia 12. Sebule imejaa seti ya makochi ya watu saba, meza ya kioo na kabati la vyombo vya wageni ambavyo havijawahi kumwona mgeni. Mume wangu anasema tuombe turukwe mpaka tutakapojenga. Kiwanja bado hatujanunua. Tufanyeje? — Mama Makochi*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hoja ya mumeo, kwa sababu wengi wanaishi nayo: kwamba ukarimu na ibada vinataka nafasi, na nafasi huja kwa kujenga. Ushahidi unamkatalia. Yule mwanamke wa Shunemu katika Kitabu cha Pili cha Wafalme alikuwa na uwezo kuwashinda ninyi, lakini alipotaka kumkaribisha nabii Elisha alimtengea chumba kidogo cha juu, akaweka kitanda, meza, kiti na taa, basi. Prisila na Akila walikuwa mafundi wa mahema waliohama mji hadi mji. Paulo aliishi nao Korintho, na nyaraka zake zinalitaja kanisa lililokutana nyumbani mwao. Hiyo jumuiya yenyewe nayo haikuanzishwa kwa ajili ya wenye mageti. Maaskofu Wakatoliki wa mashariki mwa Afrika, chini ya AMECEA, waliipa kipaumbele miaka ya 1970, na mkutano wao wa Nairobi wa 1976 uliijadili kwa kina, ili Kanisa liwe pale watu wanapoishi. Waumini wengi wa Dar es Salaam wanaishi katika vyumba vya futi 10 kwa 10. Kila mwenye chumba kama hicho akiomba kurukwa, zamu zitabaki kwa nyumba mbili tatu za mtaa mzima.

Nyumba kubwa hugawanywa kwa kuta: huku wageni, kule kulala, kule kusali. Nyumba ndogo hugawanywa kwa saa. Chumba kile kile ni cha kulala usiku, cha sala alfajiri, cha chakula mchana na cha wageni jioni. Mpango huo una sharti moja tu, kwamba kitu kikimaliza saa yake kiweze kupisha. Mkeka hukunjwa ukaegeshwa nyuma ya mlango. Kochi la watu watatu halikunjwi. Linakaa hapo saa 24 likimsubiri mgeni ambaye, akija, itabidi apite upandeupande huku meza ya kioo ikimgonga magoti. Uzeni hilo na hiyo meza, bakizeni viti vinne vya wazee. Utasema kumketisha mtu chini ni kumvunjia heshima. Nenda msibani popote jijini: mwalimu, mwenye duka na mke wa diwani wamekaa mkeka mmoja, wala hakuna aliyenuna. Heshima ya mgeni ni kukuta amefagiliwa na anasubiriwa. Na kabati lifungueni, vyombo vitoke vinywewe chai.

*Asalaam aleikum, Shangazi. Mume wangu ana moyo wa kukaribisha. Ramadhani hii kila jioni anarudi na watu wa kufuturu, na wakishakula wanabaki na runinga mpaka saa tano, hata tarawehe wanaiacha. Chumba ni kimoja. Mimi nakaa nyuma ya pazia na mtoto mchanga. Nikisema, naambiwa sina imani. — Nyuma ya Pazia, Manzese*

Waalaikum salaam, mwanangu. Barua yako inaonekana kunipinga: ikiwa chumba kimoja kinatosha kila kitu, basi mlango usifungwe kamwe. La. Nyumba inayogawanywa kwa saa ikikosa saa imekosa kuta, na anayebaki nje ni mwenye nyumba. Mumeo anayekudai imani aisome Sura ya An-Nur. Humo mtu anaamriwa aombe ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mwenzake, na akiambiwa arudi, arudi. Zaidi ya hapo zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani hubisha hodi: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri, na baada ya isha. Wageni wako wanakaa ndani ya wakati wa tatu. Kisha asome Al-Ahzab, ambamo walioalikwa kula kwa Mtume wanaambiwa wakishakula watawanyike, wasikae kuzungumza, kwa kuwa jambo hilo lilimuudhi naye akiona haya kuwaambia. Vyumba vyake vilikuwa vidogo kiasi kwamba, kwa masimulizi ya Bi Aisha yaliyomo katika Bukhari, yeye akiwa amelala ilibidi aikunje miguu ili Mtume apate pa kusujudu. Nyumba hiyo ilijaa imani na wageni, na bado wageni waliwekewa mwisho. Basi wapangieni wageni siku, tuseme Alhamisi, kwa tende, uji na mihogo. Adhana ya isha ikiita, mume awe wa kwanza kusimama na kuvaa kandambili. Hakuna atakayebaki amekaa.

*Shangazi, habari za kazi. Nyumba yetu ina vyumba sita, ukumbi mmoja, choo kimoja uani. Jirani wa chumba cha mbele anafanya maombi kila Ijumaa mpaka usiku wa manane, kwa spika. Nami nina imani yangu, na asubuhi nina kibarua. Nimshitaki kwa mwenye nyumba? — Sina Dari, Magomeni*

Njema, mwanangu. Jirani yako atasema nyumba ni yake na Katiba, ibara ya 19, inamlinda. Kweli inamlinda, nawe inakulinda. Ila nyumba ya Kiswahili isiyo na dari ina ukuta wa macho tu. Sauti hupanda juu ya ukuta ikashuka kwenye kitanda cha pili, kwa hiyo mgeni wa kwanza wa ibada yake ni wewe, uliyeingizwa bila kualikwa. Nyumba haiwi ya kukaribisha kwa kuwapokea wanaotoka mbali huku ikimkosesha usingizi wa chumba cha pili. Usianze kwa mwenye nyumba, utapata uamuzi na kumpoteza jirani. Mfuate mchana, mkiwa uani mnafua, umwombe mambo mawili: spika izimwe, na maombi yaishe saa nne. Nawe umpe saa yako: mwambie siku ya sikukuu yako ukumbi ni wenu wote, na sahani ya kwanza ya pilau ni yake. Akikataa yote mawili, hapo nenda kwa mwenye nyumba, na umpe jirani taarifa kabla hujaenda.