Ombi la Leseni kwa Kisanduku cha Jirani Yangu

Kwa Wakuu wenye dhamana ya mawimbi ya anga,

Mimi mkazi wa Machakos, upande uelekeao vilima vya Iveti, mwalimu mstaafu na mwenye leseni ya redio ya ridhaa, naandika si kwa kumshitaki mtu, maana mashtaka yangu mawili ya awali yalipokewa kwa heshima, yakagongwa muhuri, na tangu siku hiyo yamepumzika. Naandika kumwombea leseni mtangazaji mwenzangu ambaye kwa bidii ametushinda sote, ila hana mdomo wa kujiombea.

Mtangazaji huyo ni kisanduku cheupe, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, kilichochomekwa kwenye soketi ya sebule ya jirani yangu. Nyumba ile imejengwa kwa mawe ya Ndarugu, nayo mawe hayo huizuia waifai isifike chumba cha watoto. Basi fundi akamshauri jirani anunue visanduku viwili vya kupitisha intaneti ndani ya nyaya za stima zilizokwisha kuwamo ukutani, na shauri hilo, sikatai, lina akili. Walakini nyaya zile zilitandazwa kwa ajili ya stima ya mizunguko 50 kwa sekunde, hazikusukwa pamoja wala kuvishwa kinga, na zikibebeshwa mawimbi ya kuanzia megahezi 2 hadi karibu na 30 hugeuka kuwa antena, na nyumba nzima, pamoja na taa yake ya barazani, ikawa kituo cha utangazaji.

Matangazo yenyewe ni ya sauti moja tu, ya dagaa wanaokaangwa mafuta yakiwa yameingia maji, mchana kutwa na usiku kucha, pasipo hata nafasi ya kukohoa. Mimi, ili nipewe jina langu la mwito lianzalo na 5Z4, nilisoma, nikatahiniwa, nikalipa ada, na nikaagizwa nilitaje jina hilo hewani ili kila asikiaye ajue ni nani. Mwenzangu hajatahiniwa, hajalipa, wala hajawahi kujitaja, na bado ndiye asikikaye.

Tena amekaa pahali pazuri. Kati ya megahezi 7.1 na 7.2 palikuwa pa watangazaji wakubwa wa masafa mafupi upande wetu wa dunia, na ilibidi mataifa yakutane Geneva mwaka 2003, yajadiliane, kisha yangoje hadi Machi 2009 ndipo wakubwa hao wahame na sisi wanyonge wa redio ya ridhaa tuingie. Kisanduku kilipatwaa alasiri moja, fundi akiwa hajamaliza chai yake. (Nasikia huko Ulaya kanuni ya mwaka 2013 inavitaka visanduku vya namna hii viyaruke masafa yetu, kama mpita njia aonaye haya kukanyaga mboga za mtu; lakini habari za Ulaya huwachosha wakubwa, naziacha.)

Wiki mbili zilizopita stima ilikatika mtaa mzima baada ya magharibi. Majirani walilalamika, mimi niliunganisha redio na betri ya gari, nikaisogeza kwenye megahezi 14.1, ambako vituo 18 vya dunia hupokezana, kila kimoja sekunde 10, hata dakika 3 zikatimia. Kituo hutaja jina lake kwa alama za Morse, kisha huvuta milio minne, wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, na wa mwisho sehemu ya kumi ya wati, ili msikilizaji apime mwenyewe hali ya anga. Ilikuwa zamu ya Sri Lanka. Nikasikia wati 100, nikasikia 10, na nikiwa nimezuia pumzi, nikaisikia wati 1, nguvu haba kuliko kurunzi ya mtoto, imevuka Bahari ya Hindi peke yake mpaka kiambazani kwangu. Ikafuata Afrika Kusini, na baada yake ingekuwa zamu ya 5Z4B, kituo cha Kenya yetu. Afrika Kusini ndiyo kwanza inafungua kinywa, watoto wakapiga kelele mtaani, "Stima imerudi!", na dagaa wakarudi kikaangoni.

Jirani simlaumu. Ni muungwana, huniletea maembe msimu ukifika, na mwanawe mdogo aliwahi kuitazama redio yangu kwa huruma akaniuliza, "Babu, hii ni ya nini na simu iko?" Kwa hiyo nimejaza fomu kwa niaba ya kisanduku, kwa kadiri ya ilimu yangu. Saa za kutangaza: zote. Nguvu: yatosha. Masafa: yoyote yapendezayo. Muradi wa mawasiliano: katuni za watoto. Palipoulizwa kama mwombaji yu tayari kunyamaza akiamriwa na mamlaka, nimepaacha wazi, mpajaze ninyi.

Ila jana jirani amenifahamisha, kwa furaha kubwa, kuwa ataongeza kisanduku cha tatu kwa ajili ya chumba cha wageni. Nawasihi basi mniletee fomu nyingine mbili, maana hii niliyoijaza ni ya kile cha sebuleni tu.

Nimebaki mtiifu wenu,
Mwenye leseni halali,
Machakos