Ushuru wa Mwendo Kasi

Gari la michezo, yaani gari la chini lenye injini kubwa na nafasi finyu, humwonekea mnunuzi wa Mbeya kuwa la bei nafuu maadamu liko Japani na halijakutana na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Juu ya bei yake, pamoja na bima na nauli ya meli, huwekwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Juu ya jumla hiyo, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000. Na juu ya yote, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hutozwa hata juu ya kodi zilizotangulia. Anayekimbilia gari kuukuu hukumbana na ushuru wa uchakavu, kana kwamba uzee nao ni anasa.

Likishatoka bandarini, huongezewa bawa la nyuma la kulikandamiza barabarani lisipeperuke, kisha hupanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori la Tunduma kwa mwendo wa msindikiza harusi, hukwangua tumbo kwenye matuta, na barabara inaponyooka, askari mwenye tochi, yaani kifaa cha kupimia mwendo, amekwisha kutulia kivulini akisubiri kilomita 51 kwa saa. Mkulima wa viazi wa Uporoto, akilitazama, huwa na swali moja tu la kiufundi: linabeba magunia mangapi?